Sakafu za Lubumbashi: toka udongo wa kichuguu mpaka parke

LUBUMBASHI. Kila mwaka mwezi wa sita ukifika, baridi inaingia mjini na watu wanaanza kuongea juu ya sakafu. Mji uko kwenye urefu wa mita 1 200 hivi juu ya bahari. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba simenti tupu inanyonya joto lote la mwili. Familia iliyokimbia vita na kufika na mikeka miwili inajua jambo hilo mbele ya mtu mwingine yeyote.

Kuna familia zingine zinazopata chumba katika nyumba za zamani za katikati ya mji. Wanafungua mlango na kukuta chini hakuna simenti wala karo. Kuna vipande vidogo vya mbao, vimepangwa kama mifupa ya samaki, vingine vimelegea, vingine vimetoboka. Wakaaji wa zamani wanaviita parke. Wageni wanauliza: hii ni mali au ni mzigo? Itengenezwe, ing'olewe, au ifunikwe na karo?

Kujibu swali hilo kunahitaji kurudi nyuma zaidi ya miaka 100. Sakafu za Lubumbashi zimebeba historia ya mji huu: nani aliruhusiwa kukanyaga nini, ugonjwa gani uliogopwa, na miti ya Katanga ilikwenda wapi.

Udongo wa kichuguu

Mbele ya Wabelgiji kupima barabara zao hapa, Walamba na jirani zao walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Chini, sakafu ilikuwa ya udongo uliopondwa, ukamwagiwa maji, ukapigwapigwa mpaka ukawa mgumu, kisha ukalainishwa. Udongo mzuri kupita wote ulitoka katika kichuguu. Mchwa wanapandisha udongo laini toka chini, wenye kushikamana, usiokuwa na mawe. Ni udongo huo huo ambao mpaka leo watu wanafyatulia matofali ya kuchoma pembeni ya mji.

Vichuguu vya Haut-Katanga si vya mchezo. Vingi vinafika mita 5 kwenda juu, na vingine vinapita hapo. Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ghent, Ubelgiji, walitangaza kwamba wamepima umri wa vichuguu vya karibu na mji. Kimoja kilionekana kuwa na zaidi ya miaka 2 000. Kwa hiyo, mtu anapovunja kichuguu ili ajenge nyumba ya vyumba viwili, anaweza kuwa anatumia kazi iliyoanza mbele ya ufalme wa Waluba na wa Walunda.

Lakini sakafu ya udongo ina adui wawili, na wote wawili wanaishi ndani ya vumbi na nyufa.

Wa kwanza ni funza. Huyu si wa Afrika kwa asili. Alifika mwaka wa 1872 katika pwani ya Angola ndani ya meli iliyotoka Brazil. Toka hapo alifuata njia za biashara, katika miguu ya wapagazi na ya askari, na mwishoni mwa karne ile alikuwa amevuka bara nzima mpaka upande wa mashariki. Sehemu zote alizopita, watu walipoteza vidole vya miguu.

Wa pili ni kupe mdogo anayejificha mchana ndani ya nyufa za sakafu na kuta, kisha anatoka usiku kuuma watu waliolala chini. Homa anayoleta inaitwa kimputu. Madaktari wawili waliotoka Liverpool, Dutton na Todd, walikuwa Kongo wakiuchunguza ugonjwa huo, na walionyesha kwamba unaletwa na kupe huyo. Dutton mwenyewe aliugua na kufa Kasongo, Maniema, mwezi wa pili mwaka wa 1905.

Mambo haya mawili yanasaidia kuelewa sababu gani, miaka iliyofuata, wakubwa wa makampuni walianza kuhangaikia sakafu ya mfanyakazi.

Mji wa shaba na sakafu zake mbili

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1910 reli iliyotoka kusini ilifika, na mji ulianza kupimwa chini ya uongozi wa Emile Wangermée. Uliitwa Élisabethville, kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Tarehe 30 mwezi wa sita 1911, kiwanda cha kando ya mto Lubumbashi kilimwaga shaba yake ya kwanza.

Nyumba za kwanza za mji zilikuwa za haraka: udongo, mbao, na mabati ambayo wakaaji wanaita malata. Matofali yalifuata. Kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo lilijengwa kwa matofali mwaka wa 1920. Wazungu waliotaka kukaa muda mrefu walijenga nyumba zenye baraza, dari ya juu, na sakafu kama walizozoea kwao. Katika nyumba zingine sakafu ilikuwa simenti nyekundu iliyopakwa sire. Katika zingine ilikuwa karo ndogo za rangi. Na katika sebule za wenye cheo, mara nyingi ilikuwa parke.

Parke ni desturi ya Ulaya, na ilizaliwa kwa sababu ya baridi na ya maji. Katika jumba la wafalme wa Ufaransa kule Versailles, mwaka wa 1684 sakafu za marumaru ziliondolewa na mbao zikawekwa. Marumaru ilidai kuoshwa kila mara, na maji yaliyopenya yalikuwa yanaozesha boriti zilizoibeba. Toka hapo parke ikawa alama ya nyumba ya heshima, na Wabelgiji waliibeba alama hiyo mpaka Katanga.

Aliyeifanya ing'ae hakuwa mwenye nyumba. Boyi ndiye aliyepiga magoti, akapaka sire na kusugua mpaka mbao zikawa kama kioo. Jioni alirudi upande mwingine wa mji, kwa sababu kati ya mtaa wa Wazungu na sité ya Waafrika kulikuwa na eneo tupu lililoachwa makusudi. Sité ya kwanza, iliyoitwa Albert, ndiyo Kamalondo ya leo. Kenya ilifuata, na miaka ya 1950 Katuba na Ruashi.

Katika kambi za wafanyakazi mambo yalikuwa mengine tena. Miaka ya kwanza watu walioajiriwa walilala katika vibanda vibaya, na wengi walikufa kwa magonjwa ya mapafu na ya tumbo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilibadilisha siasa yake. Badala ya kuleta vijana kwa miezi michache, ilitaka mfanyakazi akae miaka mingi na mke na watoto. Wengi walitoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi. Kwa mtu wa kukaa ilifaa nyumba ya kukaa: matofali, na sakafu ngumu isiyokuwa na nyufa za kuficha kupe na funza. Kampuni ilihesabu kwamba mfanyakazi mgonjwa ni hasara. Hata hivyo, sakafu ile ngumu iliokoa watoto wengi.

Basi kulikuwa na mji mmoja wenye sakafu mbili. Kwa bwana mbao ilikuwa ya kupendeza macho. Kwa mfanyakazi simenti ilikuwa ya kupunguza ugonjwa. Na kijijini udongo wa kichuguu uliendelea kama zamani.

Kuelewa parke

Parke ya Lubumbashi si ya namna moja, na mwenye kuikuta nyumbani anafaa kujua kwanza ni ipi.

Namna ya kwanza ni mbao ndefu zilizopigiliwa juu ya boriti ndogo, na chini kuna nafasi ya hewa. Nyumba ya namna hiyo ina matundu madogo ya kupitisha hewa chini ya ukuta, upande wa nje. Watu wengi wanayaziba wakifikiri ni njia za panya. Hilo ni kosa kubwa. Hewa ikikosa kupita, unyevu unabaki, mbao inaoza toka chini, na mchwa anaalikwa. Dawa ya panya ni wavu wa chuma juu ya tundu, hewa ipite.

Namna ya pili ni vipande vifupi vilivyobandikwa moja kwa moja juu ya simenti, mara nyingi kwa lami. Hapa adui ni maji yanayopanda toka ardhini wakati wa mvua, na maji ya kuoshea yanayomwagwa kwa ndoo. Parke haioshwi kwa ndoo. Inafagiliwa, inapanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha inapakwa sire.

Zaidi ya maji, mbao inafuata hewa ya majira. Lubumbashi ina mvua toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu au wa ine, kisha miezi mingi bila tone moja. Wakati wa mvua mbao inakunywa unyevu na kupanuka. Mwezi wa tisa na wa kumi, hewa ikiwa kavu kabisa, inajikaza na nyufa zinaonekana. Hilo si ugonjwa. Fundi mwenye akili anaacha nafasi ya milimita 8 mpaka 10 kati ya parke na ukuta, kisha anaificha kwa ubao mwembamba. Asiyeacha nafasi hiyo ataona parke inainuka katikati ya chumba mwezi wa kwanza, kama mgongo wa ngamia.

Hasara nyingi zinaanza hata mbele ya fundi kufika, kwa sababu ya mbao mbichi. Mafundi wa sehemu nyingi wanataka maji ndani ya mbao ya sakafu yasipite asilimia 12 hivi. Bila tanuri ya kukaushia, desturi ya zamani ni kupanga mbao kivulini, hewa ikipita kati yake, karibu mwaka mmoja kwa kila sentimita 2,5 za unene. Mbao inayouzwa kando ya barabara wiki moja kisha mti kuangushwa haijafikia hapo hata kidogo.

Kisha kuna mti wenyewe. Katika msitu wa miombo, mulombwa unajulikana kwa utomvu wake mwekundu kama damu. Ndio mti ule ule Watanzania wanaita mninga. Sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka haujikazi sana, na kwa hiyo unafaa kwa milango, meza na sakafu. Mupapa ni mgumu zaidi na mchwa hawaupendi. Mubanga ni mgumu kupita kiasi, na wazee waliuchagua kwa nguzo za kusimamisha ardhini. Muti mwepesi, kama msindano uliopandwa, unaweza kufanya sakafu pia, lakini bila dawa mchwa wataumaliza.

Pwani na Goma

Watu wa Lubumbashi si wa kwanza kufikiri juu ya mbao chini ya miguu. Pwani ya Waswahili, Lamu na Zanzibar, nyumba za mawe za gorofa zilikuwa na sakafu za juu zilizobebwa na boriti za mikoko, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti ya mkoko ina urefu wake, na haipiti hapo. Ndiyo maana vyumba vya kule ni virefu lakini vyembamba, karibu mita 3 tu kwa upana. Mti ndio ulioamua ukubwa wa chumba.

Familia zilizotoka Goma zina elimu nyingine. Kule watu wengi wanaishi katika nyumba za mbao toka chini mpaka juu. Ardhi yenyewe ni mawe ya volkano, kuchimba msingi ni kazi ngumu, na nyumba nyepesi inavumilia mitetemeko kuliko ukuta mzito. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipotapika moto na kufunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, watu walirudi na kujenga kwa mbao juu ya mawe yale ambayo yalikuwa bado na joto. Mwaka wa 2021, mwezi wa tano, ilirudia. Fundi wa Goma anajua kuinua sakafu ya mbao juu ya mawe ili hewa ipite, bila kusoma shuleni. Kama yuko leo Lubumbashi bila kazi, elimu hiyo inaweza kumsaidia yeye na mwenye nyumba aliyempokea.

Miti yenyewe iko wapi?

Hapa ndipo habari inakuwa nzito. Zamani, kuzunguka mji huu, kati ya miombo kulikuwa na vipande vya msitu mzito unaoitwa muhulu, usiopoteza majani yote wakati wa kiangazi. Mbelgiji Gaston Delevoy alichunguza misitu ya Katanga miaka ya 1920, na mti mmoja mkubwa wa sehemu hii umepewa jina lake katika vitabu vya elimu ya mimea: Entandrophragma delevoyi. Leo mtu anayetaka kuona muhulu karibu na mji atatafuta sana.

Makala yamekula sehemu kubwa. Kila asubuhi baiskeli zinaingia kutoka barabara ya Kasenga, ya Kipushi na ya Likasi, zimebeba mifuko mirefu kuliko mwenye kusukuma. Mashamba, matofali ya kuchoma na mashimo ya madini yamechukua sehemu nyingine. Mtu wa makala hachagui: mulombwa na mupapa vinaingia katika tanuri moja na miti mingine.

Kisha mukula ulifika zamu yake. Mti huu mwekundu ni ndugu wa mulombwa. Kwa miaka mingi haukuwa na bei kubwa. Lakini katika miaka ya 2010 wanunuzi wa Asia, hasa wa China, waliutafuta kwa ajili ya meza na viti vya kifahari, na vijiji vya Kasenga na Pweto viliona malori yakiingia porini. Mwaka wa 2017 serikali ya Zambia ilisimamisha malori mengi sana ya mukula uliotoka Kongo. Mwaka wa 2019, katika mkutano wa Geneva, mukula uliandikwa katika orodha ya pili ya CITES, mapatano ya mataifa juu ya biashara ya miti na wanyama. Mwaka wa 2022 mulombwa na mupapa wa Afrika nao waliingia katika orodha hiyo. Maana yake, kuvusha mpaka bila karatasi ni kosa.

Kongo yenyewe ina sheria ya misitu ya tarehe 29 mwezi wa nane 2002. Wanaokata kwa msumeno wa mkono kwa biashara wanapaswa kuwa raia wa Kongo na kuwa na ruhusa. Karatasi iko. Kijiji ambacho mukula wake umekwisha kinaweza kusema karatasi hiyo ilisaidia nini.

Na kaskazini mwa inchi ni vilevile. Wenge wa bonde la Kongo na afrormosia wa upande wa Kisangani vimefanya sakafu za nyumba nyingi za Ulaya. Afrormosia ni ndugu wa karibu wa mubanga wa Katanga. Kwa hiyo kuna sebule Brussels au Paris ambapo watoto wanacheza bila viatu juu ya mti wa Kongo, wakati mtoto wa Kongo analala juu ya simenti.

Nani anatunza leo

Mwanzo wa 1967 Union Minière ilichukuliwa na serikali, na baadaye ikawa Gécamines. Mji ulikuwa umekwisha kuitwa Lubumbashi toka mwaka wa 1966. Mwezi wa kumi na moja 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, na mali nyingi za wageni zilipewa wenyeji. Kisha mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka wa 1990, kampuni ikaanguka, na mwaka wa 2003 zaidi ya wafanyakazi 10 000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Kampuni iliyokuwa ikipaka rangi na kutengeneza nyumba za kambi haikuwepo tena kama zamani. Toka hapo kila mtu ametengeneza sakafu yake kwa uwezo wake.

Wengi wamechagua karo, na kuna sababu: haziliwi na mchwa na zinaoshwa kwa ndoo. Siku hizi karo zinazopita Kasumbalesa zina picha ya mbao juu yake. Kuna pia vibao vyembamba vya kubonyeza pamoja, vinavyouzwa kama parke. Hivyo mara nyingi si mbao bali unga wa mbao ulioshindiliwa, na juu picha. Namna hiyo ilianzishwa Sweden miaka ya 1970. Ni rahisi na inapendeza, lakini maji yakiingia inavimba na haitengenezeki. Parke ya zamani, ikiwa ya mti mzito, inaweza kupigwa msasa mara kadhaa na kurudi mpya.

Kwa hiyo jibu la wageni ni hili. Mtu akikuta parke, asikimbilie kuing'oa. Agonge kwa kifundo cha kidole: ikilia tupu, ainue kipande kimoja na kuangalia chini. Akiona njia za udongo za mchwa, ashughulikie mchwa mbele ya mbao. Akiona unyevu, atafute maji yanatoka wapi: bomba, malata yanayovuja, au matundu ya hewa yaliyozibwa. Vipande vichache vilivyoharibika fundi anaweza kuvibadilisha bila kugusa vingine. Na vile vilivyong'olewa visitumiwe kupikia. Lami iliyo chini yake inatoa moshi mbaya, sawa na mbao za zamani za reli zilizolowa dawa.

Kwa familia inayolala chini, somo la parke linafaa pia, hata bila parke. Mbao za mafundi wa zamani zilikaa juu ya hewa. Paleti mbili kuukuu zilizosafishwa, plastiki juu ya simenti, kisha paleti, kisha mkeka: hapo mtoto hagusani tena na baridi ya ardhi. Katika kambi yenye sakafu ya udongo, kumwagia maji kidogo, kuupiga tena na kuziba nyufa kila wiki kunapunguza funza na kupe, kama akina mama wa zamani walivyofanya.

Mulombwa unahitaji miaka mingi, karibu maisha ya mtu mzima, ili utoe mbao ya sakafu. Mti uliopandwa mwaka huu Haut-Katanga utakatwa na wajukuu. Mvua zinaanza mwezi wa kumi na moja, na huo ndio wakati wa kupanda.